Kuonana ana kwa ana na mshauri wa fedha: mwongozo kamili kwa anayesubiri mkupuo

Mwalimu aliniambia kwenye simu kwamba hana deni. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alijibu haraka: "Sina, mwanangu, mimi si mtu wa mikopo." Alikuwa amebakiza miezi 4 astaafu, baada ya miaka 34 ya kufundisha shule za msingi mkoani Morogoro, na alitaka nimwambie mkupuo wake, yaani fedha ya mafao inayolipwa mara moja, auweke wapi. Kazi ile ningeweza kuimaliza kwa simu. Ningemgawia fedha zake kwenye mafungu mazuri, ningemtumia karatasi, na karatasi ile isingemsaidia chochote.

Alipokuja ofisini alikuja na binti yake na daftari kubwa la kaunta lililokunjwa kona. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza habari za mvua na za shule anayoiacha. Kisha nikamwomba kadi ya benki, tuone kama jina lake limeandikwa sawasawa na lile la kitambulisho cha NIDA, maana majina yanayotofautiana huchelewesha mafao ya watu wengi. Mwalimu akafungua pochi. Akaifunga. Akamtazama binti yake, na binti akainamisha kichwa. Kadi ilikuwa kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri, huu mwaka wa 2. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa mno, ilikuwa 3, mmoja ukichukuliwa kulipia mwingine.

Kwenye simu nisingeiona pochi ile. Ndiyo sababu ninaandika mwongozo huu, kwanza kwa mtumishi anayekaribia kustaafu, kisha kwa yeyote anayetarajia fedha nyingi kwa mara moja: aliyeuza shamba, aliyelipwa fidia, aliyerithi. Washauri wenzangu nao nimewawekea maneno machache huko mbele.

Hatua ya 1: Tenganisha la kuonana na la simu

Siku hizi simu inafanya mengi, na ni vizuri. Vipande vya UTT AMIS, kampuni ya serikali yenye mifuko inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, unaweza kununua ukiwa umekaa barazani. Salio unalitazama, taarifa unatumiwa, bei ya kipande unaisoma. Hayo ni ya kutekeleza jambo ulilokwisha kuamua, na hakuna haja ya kupoteza nauli kwa ajili yake.

Panda gari pale unapokwenda kuamua. Mkupuo ni uamuzi. Kuchagua nani aandikwe mrithi ni uamuzi. Kuvunja akiba ya miaka, kukopa kwa dhamana ya nyumba, kupanga matumizi baada ya kufiwa na mwenza, yote hayo yanataka watu wakae wakitazamana. Mstaafu wa utumishi wa umma anayajua mabadiliko ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao: Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 ya mafao, na bajeti ya mwaka 2024 ikaupandisha kufikia asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la kulipwa mkupuo wa asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 25. Sehemu inayobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Maana yake ni kwamba fedha ya mkupuo inakuja mara moja tu, na ukikosea hakuna mwezi ujao wa kurekebisha.

Hatua ya 2: Mchunguze mshauri kabla hujamwona

Neno "mshauri" linatumiwa na kila mtu. Wakala wa bima anajiita mshauri, ofisa mauzo wa benki anajiita mshauri, na kijana anayekuandikia WhatsApp akikuahidi faida ya wiki naye anajiita mshauri. Hapa Tanzania, anayetoa ushauri wa uwekezaji kwenye hisa, hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, nayo inakulipa riba) na mifuko ya pamoja anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wakala wa bima yuko chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Orodha za wenye leseni zipo wazi kwenye tovuti za mamlaka hizo. Tafuta jina la kampuni, kisha uliza kama mtu mwenyewe utakayekaa naye ameidhinishwa kufanya kazi hiyo.

Halafu muulize swali moja kwa simu, mapema, kabla hujaona ofisi nzuri ukalainika: "Nikifuata ushauri wako, wewe unalipwa na nani, na kiasi gani?" Kuna anayelipwa ada na wewe. Kuna anayelipwa kamisheni na kampuni ambayo bidhaa yake utainunua. Kamisheni si dhambi, lakini uijue. Anayekwepa swali hilo kwenye simu usimpelekee hati zako.

Nisieleweke vibaya: kuonana uso kwa uso si kinga ya utapeli. Waliopoteza fedha kwenye DECI, mchezo wa upatu uliosimamishwa mwaka 2009, wengi wao waliingia baada ya kuambiwa na watu waliowafahamu na kuwaamini, si na wageni wa mtandaoni. Matapeli wanapenda sana mikutano. Wanakodi ukumbi wa hoteli, wanaita watu 100, wanapiga makofi, mtu anasimama kutoa ushuhuda wa gari alilonunua. Ukiona hivyo ondoka. Kikao cha ushauri ni cha watu 3 au 4 na karatasi mezani, na hakuna anayeharakishwa.

Hatua ya 3: Andaa hati, na andaa daftari

Hati ni rahisi, nitazitaja kwa haraka. Kitambulisho cha NIDA, barua ya kustaafu au ya ajira, hati za mshahara za miezi 3 ya mwisho, makadirio ya mafao kutoka kwenye mfuko wako wa pensheni, PSSSF au NSSF, mikataba ya mikopo yote, taarifa ya SACCOS, karatasi za bima, cheti cha ndoa na hati za kiwanja kama zipo. Beba nakala, na hati halisi uondoke nazo mwenyewe jioni ile ile. Hakuna mshauri anayehitaji kulala na hati yako ya nyumba.

Daftari ndilo lenye kazi. Miezi 3 kabla ya kikao, andika kila shilingi inayotoka. Usiandike "matumizi ya nyumbani", maana neno hilo linafunika kila kitu. Andika tarehe, kiasi, na jina la mtu aliyefaidika. Daftari la mwalimu wangu lilikuwa na mistari ya namna hii: mchele kilo 10, mchango wa harusi ya mtoto wa mwalimu mwenzake, dawa za presha, ada ya mjukuu, awamu ya 2, msiba wa jirani, vocha, sadaka, "Juma", bila maelezo. Juma alikuwa amejitokeza mara 7 katika miezi 3, kila mara elfu 50 au zaidi. Nilimuuliza Juma ni nani. Ni mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sasa mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "acha kumsaidia". Unachoweza ni kumwekea Juma fungu lake, lijulikane, lisiwe linachota kwenye fungu la dawa.

Michango ni sura nzima ya maisha yetu, na hakuna fomu ya benki yenye nafasi ya kuiandika. Mstaafu anayepokea mkupuo anakuwa mtu wa kwanza kwenye kila orodha ya kamati ya harusi. Habari husambaa kabla fedha haijaingia. Kwa hiyo amua kiwango chako cha michango kwa mwaka kabla hujastaafu, kiandike, na umweleze mshauri. Ukimficha ukamwambia kwamba matumizi yako ni laki 3 kwa mwezi wakati ni laki 6, atakupangia maisha ya mtu mwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hatua ya 4: Chagua mahali, saa na watu

Kikao cha kwanza kifanyike ofisini kwa mshauri. Uone ofisi ipo, uione leseni ukutani, uone wateja wengine wanapokelewaje. Cha pili, kama inawezekana, mkaribishe kwako. Mshauri aliyekunywa chai sebuleni kwako ameona paa linalovuja, ameona wajukuu 5 wanaokula hapo, ameona duka dogo la mbele ambalo wewe hukulitaja kwa sababu hulihesabu kuwa ni biashara.

Nenda asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia, saa 3 hadi saa 5. Usiende siku fedha inapoingia benki. Siku hiyo mtu ana furaha, na furaha haijui hesabu. Nenda miezi 2 au 3 kabla.

Nani aje nawe? Mwenza, kama yupo. Nimewaona waume waliotaka kuja peke yao "kumfanyia mama sapraizi", na nimewaona wake waliotaka kuja kimya kimya kwa sababu wanajua mzee atataka kununua basi dogo la abiria. Naelewa sababu za wote wawili. Lakini mpango ambao mmoja wenu haujui utavunjika wiki ya kwanza. Na yapo mambo ambayo sheria yenyewe inawataka wote wawili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Mtoto mmoja mtu mzima anaweza kuja pia, hasa yule anayekusaidia mambo ya simu. Hata hivyo omba dakika 10 za kubaki peke yako na mshauri. Usione haya. Sema tu, "Mwanangu, hebu kaniangalizie maji ya kunywa." Kuna mambo mzazi hawezi kuyasema mbele ya mwanawe, na mara nyingine jambo lenyewe ni huyo mwana.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Kikao kizuri kina mfuatano wake: kwanza habari zako, kisha madeni, kisha watu wanaokutegemea, kisha tarehe za mahitaji makubwa, na mwisho kabisa ndipo mnazungumzia fedha iwekwe wapi. Kama robo saa haijaisha na mshauri amekwisha kutoa kipeperushi, ujue amekuja kuuza. Mwambie kwa upole, "Nisikilize kwanza." Akishindwa, aga.

Mkifika kwenye mahali pa kuweka fedha, dai hesabu ifanyike kwa kalamu mbele yako. Chukua mfano wa hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aliyeweka milioni 20 kwa bei kamili alikuwa akipata shilingi 3,190,000 kwa mwaka, yaani 1,595,000 kila baada ya miezi 6. Ukiiona hesabu hiyo imeandikwa unatabasamu. Sasa mshauri aandike mstari wa pili: una miaka 60, hatifungani inaiva, yaani fedha uliyoweka inarudishwa, ukiwa na 85. Na wa tatu: ukihitaji milioni 20 zako mapema, serikali hairudishi, itabidi uiuze kwa mtu mwingine kupitia dalali wa soko la hisa, na kama riba za wakati huo zimepanda, atakulipa pungufu.

Mstari huo wa tatu niliwahi kuuruka. Mteja wangu mmoja, nesi mstaafu, tulizungumza kwa simu mara 3, na nilimweleza hatifungani ya miaka 20 vizuri kabisa, isipokuwa hapo. Kila nilipouliza "umeelewa?" alijibu "nimeelewa, baba". Miezi 8 baadaye mwanawe alihitaji upasuaji. Tulitafuta mnunuzi kwa wiki kadhaa, na fedha ilirudi ikiwa pungufu, baada ya hospitali kudai malipo mara 2. Angekuwa mbele yangu, ningeona kwamba "nimeelewa" ile ilikuwa ya adabu. Tangu hapo siulizi tena kama mtu ameelewa. Namwomba anieleze yeye, kwa maneno yake, kana kwamba mimi ni shemeji yake aliyekuja kuuliza fedha yake ilikokwenda.

Wewe mteja unaweza kufanya hivyo bila kuombwa. Mweleze mshauri ulichoelewa. Ukikwama katikati ya sentensi, hapo ulipokwama ndipo pa kurudia.

Maswali mengine ya kubeba, andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: Nikitaka fedha yangu Jumatatu, naipata siku gani? Naweza kupata pungufu ya nilichoweka? Ada ziko wapi, za kuingia, za kutoka, za kila mwaka? Nikifa kesho, mwanangu anaanzia mlango gani? Swali hilo la mwisho watu wanaliogopa, na mimi ninalipenda kuliko yote. Jibu lake linawaleta kwenye jina la mrithi kwenye fomu, kwenye wosia ambao RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanaweza kukutunzia, na mara nyingi linamfanya mtu ataje mtoto ambaye hakuwa ametajwa tangu asubuhi.

Hatua ya 6: Rudi nyumbani bila kusaini

Usisaini siku hiyo hiyo. Hata kama kila kitu kimekupendeza. Chukua siku 7, lala nalo, lisome tena, mpigie mtu mmoja unayemheshimu. Mshauri wa kweli atakwambia hivyo mwenyewe.

Siku ya kulipa, fedha iende kwenye akaunti ya mfuko au ya benki iliyo kwa jina la taasisi. Isiende kwenye namba ya simu ya mshauri, wala mkononi mwake, wala kwenye akaunti ya "msaidizi wake". Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote kwa sababu yoyote. Aliyemwachia mtu kadi na namba ya siri amemwachia mshahara wake, na mwalimu wangu aliyalipia hayo kwa miaka 2.

Hatua ya 7: Maandishi, kisha simu, kisha kuonana tena

Ndani ya siku 2 au 3 upokee muhtasari wa kikao kwa Kiswahili unachokielewa: mlizungumza nini, mlikubaliana nini, nani anafanya nini na lini. Usipoupata, uandike wewe umtumie yeye kwa WhatsApp, ukimwomba athibitishe. Ujumbe wenye tarehe unasaidia sana siku kumbukumbu zikitofautiana.

Baada ya hapo simu inatosha kwa miezi kadhaa. Onaneni tena baada ya miezi 6 kwa mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Kukitokea msiba, ugonjwa, ndoa au talaka, msisubiri tarehe.

Ukiwa mbali, Muscat au Minneapolis, video ni bora kuliko sauti tupu, na uwashe kamera na mshauri awashe yake. Lakini ukija likizo, tenga asubuhi moja kwa ajili yake katika wiki ya kwanza, kabla ndugu hawajajaza ratiba. Mambo ya nyumba inayojengwa kwa fedha yako ukiwa huko, hasa, yazungumzeni mkiwa mmesimama kwenye kiwanja.

Kwa washauri wenzangu

Zima simu yako na uiweke kwenye droo, isiwe mezani. Salamu usizifupishe, mzee aliyesalimiwa haraka atajibu haraka. Kaeni upande mmoja wa meza mnapopiga hesabu, ili karatasi iwe mbele yenu wote. Mteja akinyamaza, nyamaza naye. Najua inavyowasha, nusu dakika tu unaiona kama nusu saa, lakini mambo makubwa niliyowahi kuambiwa yalisemwa baada ya ukimya ambao karibu niuvunje. Na ukigundua deni, usishangae kwa sauti. Uliza kiasi, uliza tarehe, andika.

Ndivyo tulivyofanya siku ile. Tuliandika mikopo yote 3, kwa nani, kiasi gani, riba gani. Binti ndiye aliyekuwa akisoma ujumbe wa simu, mama akithibitisha kwa kichwa. Hatukuzungumzia uwekezaji kabisa. Tulipanga mkupuo ukiingia ulipe kwanza deni lote kwa siku moja, kila mkopeshaji akiandika stakabadhi ya kumaliza mbele ya mjumbe wa mtaa, kadi irudishwe, na namba ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Mwezi wa 9 baada ya kustaafu alirudi, safari hii peke yake, na daftari lile lile. Fungu la dawa lilikuwa halijaguswa kwa jambo jingine. Juma alikuwa na ukurasa wake, wenye jina lake juu na mstari uliopigwa kwa rula. Kadi ilikuwa ndani ya pochi. Tukafungua ukurasa mpya, tukaanza kuzungumza habari za vipande.